Picha za wanawake zilizochorwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara watu wanaposimama mbele ya picha ya mwanamke iliyochorwa kwa mkono, iwe makumbusho au kwenye sebule ya shangazi. Nimeyapa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine bila kurudia. Si lazima uyasome kwa mpangilio.

## Mambo ya msingi

1. Je, kila sura ya mwanamke iliyochorwa ni picha ya mtu fulani?

Hapana. Picha ya mtu ina mwenyewe: mtu aliyekuwa na jina, na mchoraji alikusudia atambulike. Wanaochanganya watu zaidi ni wale waliochorwa bila kusudi hilo. Msichana mwenye Hereni ya Lulu, wa Johannes Vermeer, alichorwa Uholanzi mnamo 1665 hivi. Watu wamemtafutia jina miaka nenda miaka rudi, na wengine wamemtungia hadi kisa cha mapenzi. Lakini Uholanzi ya wakati ule ilikuwa na soko la sura zisizo na mwenyewe, zilizoitwa tronie: mzee mwenye kilemba, askari anayecheka, msichana aliyegeuza shingo. Huenda mtu alikaa mbele ya Vermeer, ila picha haikuwa ya kumkumbuka yeye.

Na bado ukimtazama unaapa kwamba ana jambo anataka kulisema. Hapo ndipo pa kuanzia. Kama sura isiyo na wasifu inaweza kutupa hisia ya moyo unaodunda, basi kile tunachokiita "undani" kinatengenezwa na brashi, na tunapaswa kuuliza kinatengenezwaje. (Endelea swali la 8.)

2. Kwa nini wanawake wengi wa picha za zamani za Italia wametazama pembeni?

Kwa sababu ndivyo heshima ilivyotaka. Katika karne ya 15 familia tajiri za Florence zilipenda kuwachora mabinti na wake zao upande mmoja wa uso, mtindo uliofanana na sura za kwenye sarafu na medali za kale. Mwanamke aliyechorwa hivyo hutazamwa, yeye hakutazami.

Iangalie picha ya Giovanna Tornabuoni aliyoichora Domenico Ghirlandaio, iliyopo makumbusho ya Thyssen-Bornemisza mjini Madrid. Shingo ndefu imenyooka, mgongo wima, nywele zimesukwa na kubanwa hata unywele mmoja haujakosea njia. Nyuma yake kuna kijishubaka chenye kito, kitabu cha sala na shanga za marijani zinazoning'inia. Karibu na shingo yake kuna kikaratasi chenye mwaka 1488 na maneno ya Kilatini yanayosema, kwa ufupi: ewe sanaa, laiti ungeweza kuonyesha tabia na roho, pasingekuwa na picha nzuri kuliko hii duniani. Giovanna alifariki mwaka huohuo, akiwa na mimba. Ninachokipenda hapa ni kwamba mchoraji, au aliyemlipa, amekiri ndani ya picha yenyewe kwamba kazi haijafika alikotaka ifike.

Leonardo da Vinci alikuwa ameshajaribu njia nyingine miaka kama 10 kabla. Ginevra de' Benci, aliyepo sasa National Gallery of Art huko Washington, amegeuzwa robo tatu, uso ukielekea kwetu. Nyuma ya ubao huo pia kuna maneno ya Kilatini: uzuri huipamba tabia njema. Hatabasamu, amenuna kidogo, na macho yake yanapita kando yako kama mtu anayesubiri mazungumzo yaishe. Mimi ananishika kuliko Mona Lisa.

## Uzuri

3. Wachoraji walikuwa wakiwaongezea wanawake uzuri?

Waliolipwa, mara nyingi ndiyo. Kisa kinachojulikana ni cha Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua. Alizaliwa 1474. Alipokuwa na miaka kama 60 alimtaka Titian amchore, naye akamchora kama binti wa miaka 20 na kitu, akitumia picha ya zamani kama kiolezo. Iko Vienna, na ukiiona hutadhani kuna bibi nyuma yake.

Kabla hujacheka, fikiria picha ya wasifu kwenye simu yako. (Kuhusu filta, nenda swali la 15.)

4. Mbona hawatabasamu?

Kwanza, jaribu kutabasamu saa mbili bila kusogea. Pili, meno yalionekana kuwa utovu wa adabu: waliofunua kinywa kwenye picha walikuwa walevi, wendawazimu na watoto. Élisabeth Vigée Le Brun, mchoraji wa malkia Marie Antoinette, alipoonyesha Paris mwaka 1787 picha yake akiwa amemkumbatia bintiye, midomo ikiwa imeachana kidogo na meno yakionekana, kulikuwa na minong'ono. Leo picha hiyo inaonekana ya kawaida kabisa, mama na mtoto wake.

5. Mwanamke mzee anaweza kuwa na picha nzuri?

Picha nzuri kuliko zote ninazozijua katika fungu hili ni za wazee. Mnamo 1661 hivi Rembrandt alimchora Margaretha de Geer, mke wa mfanyabiashara tajiri, akikaribia miaka 80. Iko National Gallery mjini London. Amevaa kola nyeupe ya duara, kubwa kama sinia, ambayo wakati huo ilishapitwa na wakati kwa miongo kadhaa. Kumbe hilo peke yake linakuambia mengi: ana fedha za kununua mtindo wowote na hana haja nao. Ameketi ametuelekea moja kwa moja. Mkono mmoja una leso. Mikono yenyewe imepakwa rangi nzito, mifupa ikijitokeza chini ya ngozi, na uso hauna hata mkunjo mmoja uliofichwa.

Rembrandt hakumwonea huruma wala hakumpamba. Uzuri wa picha uko katika uangalifu huo, na mzee anampa mchoraji kazi zaidi ya kuangalia kuliko binti wa miaka 18.

6. Kwa nini nguo na vito vinachorwa kwa bidii kuliko hata uso?

Sababu ya kwanza ni mwenye fedha. Picha ya ndoa ilikuwa pia orodha ya mali, na baba mkwe alitaka lulu zake zihesabike. Ila mchoraji mjanja huifanya nguo iseme kitu kingine.

Mwaka 1884 John Singer Sargent alionyesha Paris picha ya Virginie Gautreau, mwanamke wa tabaka la juu, akiwa na gauni jeusi na kamba moja ya bega imeshuka. Kelele zilizuka, familia ikaaibika, na baadaye Sargent akairudisha kamba begani kwa brashi. Uso haukuguswa. Upana wa kamba ile ni kama kidole, lakini kwa watazamaji wa siku ile ndiyo iliyokuwa tabia yote ya mwanamke. Picha hiyo, Madame X, iko makumbusho ya Metropolitan, New York, tangu 1916.

## Yaliyo moyoni

7. Mona Lisa ana nini cha ajabu?

Vitu viwili, na kimoja hakihusu sanaa. Aliibwa makumbusho ya Louvre, Paris, mwaka 1911 akapatikana 1913, na magazeti yakamfanya nyota.

Cha pili ni pembe za midomo na pembe za macho. Hizo ndizo sehemu ambazo sisi binadamu tunasomea furaha, dharau, huzuni. Leonardo hakuchora mstari hapo. Aliweka tabaka nyembamba sana za rangi, moja juu ya nyingine, hadi kivuli kikayeyuka kwenye mwanga bila mpaka. Kwa hiyo jicho lako halipati jibu la uhakika, linaendelea kuuliza. Na upeo wa macho nyuma yake hauko sawa: upande wa kulia uko juu kuliko wa kushoto, jambo linalofanya uso uonekane kama unabadilika unapohamisha macho.

Mwenyewe anaaminika kuwa Lisa Gherardini, mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Florence, Francesco del Giocondo. Leonardo alianza 1503 hivi na hakuwahi kuwakabidhi picha yao. Ubao ni sentimita 77 kwa 53 tu. Wengi wakifika hulalamika kwamba ni mdogo.

8. Mchoraji anajuaje yaliyo moyoni mwa mtu?

Hajui. Hata mume hajui, itakuwa mtu anayelipwa kwa kikao? Anachokiona ni ngozi, misuli na mkao, na anachokifanya ni kuchagua. Machaguo yenyewe yanajulikana:

Macho mawili hayachorwi kwa uzito sawa. Moja hupewa ukingo mkali, jingine huachwa kivulini, na mtazamaji anahisi mtu anayefikiri huku akikuangalia. Kichwa na mabega vikielekea pande tofauti, mwili unaonekana kama umekatizwa katikati ya jambo. Ndiyo siri ya yule msichana wa Vermeer. Mikono huachiliwa au hukazwa. Kope za chini hupewa unyevu kidogo. Halafu kuna yale yanayoachwa: ukingo wa shavu uliopotea gizani, mdomo usiokamilishwa.

Hili la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Picha inayokuambia kila kitu kuhusu mwanamke, kwamba huyu ni mpole, huyu ni mwenye uchungu, humalizika kwa mtazamo mmoja, hata kama ngozi imechorwa kwa ufundi wa kutisha. Anayedumu ni yule ambaye mchoraji amemwachia kitu chake mwenyewe.

9. Macho yake yananifuata kila ninapokwenda chumbani. Ni uchawi?

Ni ubapa. Sanamu ukiizunguka unaona shavu, kisha sikio. Picha bapa haina upande mwingine, kwa hiyo kama macho yalichorwa yakitazama mbele, yatabaki yakitazama mbele popote uliposimama. Picha ya mgombea kwenye bango la uchaguzi hufanya vilevile, na hakuna anayeikimbia.

10. "Inafanana naye, lakini si yeye." Tatizo liko wapi?

Mara tisa kati ya kumi liko mdomoni. Kuna msemo unaonasibishwa na Sargent kwamba picha ya mtu ni picha yenye kasoro kidogo kwenye mdomo. Mdomo hausimami, na kila mwanafamilia ana wake anaoukumbuka.

Kuna pia upande wa pili: picha isiyofanana inayokuja kufanana. Kwa maelezo ya Gertrude Stein, mwandishi Mmarekani aliyeishi Paris, alimkalia Picasso zaidi ya mara 80 kati ya 1905 na 1906. Kisha Picasso akakifuta kichwa, akasafiri, akarudi akachora uso mwingine bila Stein kuwepo, mgumu kama kinyago. Watu waliposema haifanani, inasimuliwa Picasso alijibu kwamba Stein atakuja kufanana nayo. Leo ukilitaja jina la Stein, wengi huona uso ule.

## Rangi ya ngozi, na nani anamchora nani

11. Ngozi nyeusi inachorwaje isionekane kama masizi?

Anza kwa kuiweka kando nyeusi ya kwenye tyubu. Kahawia za udongo zikichanganywa na bluu hutoa giza lenye uhai, na ndani yake unaweza kuongeza wekundu kwenye masikio, pembe za pua na midomo. Mweusi tii na maji ya kunde hawahitaji rangi moja iliyopunguzwa au kuongezwa nyeupe. Ni mchanganyiko tofauti tangu mwanzo. Kosa la kawaida ni mng'ao. Paji la uso jeusi hurudisha rangi ya mwanga ulioliangukia: dirishani linapata ubuluu wa anga, karibu na taa linapata rangi ya asali. Ukipaka nyeupe tupu, mtu anaonekana amepakwa chokaa.

Wengine wameamua kutoka nje ya swali lenyewe. Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama kwa ajili ya National Portrait Gallery ya Washington (ilizinduliwa Februari 2018), huchora ngozi za watu wake kwa kijivu, rangi ya picha za zamani za kamera, ili jicho lisianze na rangi likaishia hapo. Michelle ameegemeza kidevu mkononi, gauni limejaa turubai kama mlima. Wengi walilalamika kwamba hafanani; ona swali la 10.

Kwetu yupo Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyezaliwa 1991 na kuacha kazi ya benki akashika brashi. Wanawake wake ni weusi juu ya weupe mtupu, na nguo zao nyeupe zinayeyukia kwenye usuli, kikabaki kichwa, mikono, miguu. Hakuna kiti wala ukuta wa kukuambia huyu ni nani au ana kiasi gani. Inakubidi ushughulike na mkao wake.

12. Nimesikia kuhusu picha ya Madeleine huko Louvre. Ni nani?

Ni mwanamke mweusi kutoka Guadeloupe, aliyekuwa mtumishi katika ukoo wa shemeji wa mchoraji, Marie-Guillemine Benoist. Picha ilionyeshwa Paris mwaka 1800. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake 1794, na Napoleon akaurudisha 1802, kwa hiyo picha inasimama katikati ya miaka hiyo michache. Ameketi kwenye kiti cha heshima, kitambaa cheupe kichwani, shali la bluu, utepe mwekundu, na titi moja liko wazi. Wasomi wanabishana: ni heshima au ni mwanamke asiye na uwezo wa kukataa? Naona vyote viwili vipo, na macho yake yasiyopepesa yanaijua hali hiyo.

Kwa zaidi ya karne mbili jina la picha lilitaja rangi yake tu. Mwaka 2019, katika maonyesho ya Musée d'Orsay, iliandikwa Picha ya Madeleine.

13. Kuna picha za aina hii za wanawake wa Zanzibar?

Zipo za Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyefika Unguja 1939 na tena 1945. Alichora kwa haraka, rangi nene, manjano na nyekundu zinazowaka, na baadhi ya picha alizizungushia fremu za mbao za Zanzibar zilizochongwa. Ni kazi zenye nguvu na sasa zinauzwa kwa mamilioni. Lakini soma majina: "Msichana wa Kibohora", "Mwarabu". Msichana yule alikuwa na mama aliyemwita kwa jina, na halikuandikwa.

Linganisha na Tutu, ya Ben Enwonwu wa Nigeria. Mwaka 1973 alimwona Adetutu Ademiluyi, binti wa ukoo wa kifalme wa Ife, akaiomba familia ruhusa, akamchora. Akafanya matoleo matatu. Nakala zake zilitundikwa majumbani kote Nigeria. Moja ya picha halisi iliyokuwa haijulikani ilipo ilikutwa kwenye nyumba moja London, ikauzwa mwaka 2018 kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Mwenye uso anajulikana, ukoo unajulikana, na hilo linaonekana kwenye shingo yake.

## Mambo ya nyumbani

14. Nina picha moja tu ya pasipoti ya marehemu mama. Inatosha kumpa mchoraji?

Inatosha kwa vipimo: umbali wa macho, urefu wa pua. Haitoshi kwa mwanga, kwa sababu taa ya studio imeupiga uso kutoka mbele na kuulaza bapa, na mama mwenyewe alikuwa ameambiwa asicheke. Mtafute ndugu mwenye paji la uso kama lake, dada yake au binti yake, mketishe karibu na dirisha na kanga ya mama mabegani, apigwe picha. Mchoraji atachukua mwanga kwa huyo na sura kwa mama. Mweleze pia mama alivyofunga kilemba, alikuwa akiinamisha kichwa upande gani, alivaa miwani kusoma tu au siku nzima.

Amueni umri kabla ya kuanza. Watoto wanamkumbuka mama wa miaka 60, shangazi zake wanamkumbuka msichana, na mchoraji akisikiliza wote atatoa mtu ambaye hakuna aliyemjua. Achaguliwe mmoja wa kuiona kazi ikiwa katikati. Msiilete familia nzima siku hiyo.

Kazi ya kuchora watu kwa ajili ya kuagana nao ni ya zamani sana, kwa njia. Misri ya enzi ya Warumi, karne tatu za kwanza baada ya Kristo, maiti zilizokaushwa ziliwekewa juu ya uso ubao mwembamba wenye sura ya marehemu, nyingi zikichorwa kwa nta yenye rangi. Zimebaki kama 900, na wanawake wa Fayum wenye hereni za lulu wanakutazama kana kwamba umeingia sasa hivi.

15. Naweza kumtumia mchoraji picha yenye filta?

Usimtumie. Filta hulinganisha pande mbili za uso, hupanua macho na kufuta kivuli chini yake, na vitu hivyo ndivyo anavyovitegemea (swali la 8). Picha za akili mnemba zina shida hiyohiyo: zinakupa sura nzuri ya wastani, ambayo si ya mtu yeyote.

16. Sisi ni Waislamu. Inafaa kuwa na picha ya mtu ukutani?

Wanazuoni wengi wamekataza kuchora viumbe wenye roho, wengine wana maelezo zaidi, na ukurasa huu hautoi fatwa. Muulize sheikh unayemwamini. Kihistoria, makasri ya Wasafawi wa Iran na Wamughal wa India yalikuwa na wachoraji wa sura za watu, ilhali pwani yetu ufundi ulikwenda zaidi kwenye milango, hina na kofia.

17. Nitazionaje picha hizi bila kwenda Ulaya?

Metropolitan na National Gallery of Art ya Washington zinaruhusu kupakua bure nakala kubwa za kazi nyingi, na unaweza kuvuta hadi uone nyufa za rangi. Yule msichana wa Vermeer yuko makumbusho ya Mauritshuis, The Hague; mtafute kwenye tovuti yao umvute sikioni: lulu ni miguso michache tu ya rangi, na hakuna hata kijipete cha kuishikilia. Kwa kazi za wasanii wa hapa nenda Nafasi Art Space ukiwa Dar es Salaam, Nairobi Contemporary Art Institute ukiwa Nairobi, au Afriart Gallery ukiwa Kampala. Maonyesho hubadilika, kwa hiyo angalia kurasa zao kabla hujapanda daladala.